Msonyo Katika Nyumba ya Vyumba Viwili

Msonyo wa kwanza ulisikika wakati kochi likiwa bado limekwama mlangoni.

Lilikuwa kochi la kawaida tu, la kitambaa cha rangi ya kahawa, ila mlango wa nyumba mpya ulikuwa mwembamba. Kifaru, rafiki wa mume, alikuwa amelibeba upande wake peke yake huku jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Mke alisimama katikati ya sebule tupu, akielekeza kwa kidole.

"Likipita, liwekeni pale, chini ya dirisha."

Ndipo kutoka kwenye pembe ya chumba, pale pasipokuwa na mtu wala kitu, ukatoka msonyo. Mrefu, wa taratibu, wa mtu aliyeyakusanya mate na kuyavuta kati ya meno bila haraka yoyote, kama bibi harusi aliyefungua zawadi akakuta sufuria iliyotoboka.

Mke alimgeukia mume. "Unamsonya nani?"

"Mimi? Si wewe?"

Wote wawili wakamtazama Kifaru. Kifaru alikuwa ameuma funguo za pikapu kwa meno, na mtu aliyeuma funguo hawezi kusonya. Alikodoa macho tu, akasukuma kochi likapita, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile siku ile.

Nyumba hiyo hawakulazimishwa na mtu kuinunua. Dalali, mtu wa viatu vilivyochongoka ambaye alizisifia hata nyufa, aliwaonyesha nyumba mbili siku moja, bei ileile. Ya kwanza ilikuwa mtaa wa chini. Vyumba vinne, ua mpana, stoo, na paa lisilo na tatizo. Mbele yake palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, nyuma yake familia ya watu wengi na mbuzi wengi zaidi, na watoto wa jirani walikuwa wamechora gari kwa mkaa ukutani. Mama mzazi wa mume, ambaye alikuwa akiishi nao tangu waoane, aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma, kile kilichopata jua la asubuhi, akanyoosha mikono kupima.

"Cherehani hapa, kitanda pale," akasema. "Na nafasi inabaki. Hata mgeni akija na watoto, watalala."

Mama huyo alikuwa mshonaji. Mguu wake juu ya kile kikanyagio ndio uliomlisha mwanawe, ukamvisha, ukamsomesha mpaka akawa fundi wa meno ya bandia. Naye mwanawe alikuwa fundi kweli. Angeweza kumtengenezea mzee taya zima kwa nta na plasta, mzee akatoka pale akiguguna mifupa. Ila yeye mwenyewe hakuwa na hata jino moja la kumuuma mtu. Kila aliloambiwa na mkewe alilijibu kwa maneno yaleyale mawili.

Nyumba ya pili ilikuwa mtaa wa juu, kule kwenye miti iliyokatwa ikalingana, na kuta ndefu ambazo nyuma yake husikii mtu akikohoa. Vyumba viwili tu na jiko la kugeukia kwa zamu. Dalali alieleza, tena kwa fahari, kwamba zamani hapo palikuwa na jumba kubwa la mtu mkubwa. Jumba lilishabomolewa, na vyumba hivi ndivyo vilivyobaki. Ndimo mwenye jumba alimowapokea watu ambao hakutaka wafike ndani.

"Yaani hata chumba cha watu wasiotakiwa kilijengwa hivi!" dalali alisema akigonga ukuta. "Sasa fikirieni hilo jumba lenyewe."

Mke alifikiria. Alikuwa mpokea wageni hotelini, na siku nzima alisimama nyuma ya kaunta huku watu wakimtupia pasipoti bila kumtazama usoni, wakiendelea kuongea na simu zao. Alizaliwa katika chumba ambacho ukuta wake ulikuwa pazia, na ndugu zake walilala wakipishana miguu. Ungetegemea mtu aliyedharauliwa kiasi hicho aichukie dharau. Yeye aliitamani. Aliitaka na yeye, iwe yake, ya kuwagawia wengine.

"Hii," alisema.

"Na Mama atalala wapi?" mume aliuliza, tena kwa sauti ya kuomba radhi.

"Atapanga chumba kwa muda. Watu wanapanga, hawafi."

"Na cherehani?"

"Unataka nianze maisha huku juu na kelele za cherehani? Majirani watasema nini?"

"Ni kweli," mume akajibu.

Mama hakulia wala hakununa. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, mkoba kifuani. "Sawa," akasema. "Mimi nilidhani tunachagua nyumba. Kumbe mnachagua majirani."

Wakahamia. Wiki ya kwanza msonyo ulikuja mara chache, na kila mara palikuwa na kisingizio: bomba, mjusi, upepo kwenye dirisha. Mke aliweka vikombe vyake kabatini, ukasikika. Mume akatundika picha yao ya harusi, ukasikika mrefu kidogo. Pamoja nao ikaja harufu. Haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililosumbua. Ilikuwa harufu ya manukato ya bei kubwa yaliyokaa kwenye nguo iliyofungiwa kabatini tangu mwenye nguo afariki.

Kisha akaja mdogo wake mke. Alikuwa muuza viatu vya mtumba sokoni, mwenye sauti ya sokoni, na alikuja Jumapili mchana na mtoto mgongoni na beseni kubwa jekundu la plastiki kichwani, zawadi ya nyumba mpya. Mke alimwona kupitia dirishani, amesimama kwenye geti la mtaa akimpigia mlinzi hadithi, akicheka mpaka mbwa wa jaji mstaafu, jirani yao, akaanza kubweka. Mke alichukua simu, akampigia mlinzi.

"Mwambie hatupo."

Mdogo mtu aliambiwa. Akainua macho kuelekea dirishani, na pazia bado lilikuwa likitikisika. Akatua beseni chini, akaliegemeza kwenye nguzo ya geti kwa uangalifu kama kitu cha kioo, akageuka, akaondoka bila sauti yoyote. Hakuwahi kuondoka mahali kimya namna ile.

Jioni, mke alikuwa akifagia sebule alipoona zulia halifiki ukutani.

Zulia lile lilikuwa kubwa kuliko chumba. Walipoliweka, ukingo wake ulikuwa umekunjika juu kidogo. Sasa kati ya ukingo na ukuta kulikuwa na nafasi ya kiganja kizima, na vigae vya pale vilikuwa safi, vinang'aa, kama vilikuwa vikisubiri kuonekana.

"Limenywea," mume alisema. "Zulia likifuliwa hunywea."

"Nani kalifua?"

Mke alipiga magoti, akaweka kiganja chake pale penye nafasi, akakiacha hapo. Halafu akacheka kidogo, kwa ndani, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu mkubwa.

Wa pili kufukuzwa alikuwa Kifaru, na huyo alifukuzwa na mume mwenyewe, tusimsingizie mke kila kitu. Kifaru na fundi meno walijifunza kazi pamoja na kulala kitanda kimoja walipokuwa hawana kitu. Siku hiyo alipita kumrudishia bisibisi, akaegesha pikapu lake lililoliwa na kutu mbele ya nyumba. Jaji mstaafu akapita na mbwa wake, akalitazama gari, akamtazama fundi.

"Huyu ni mgeni wako?"

"Hapana, mzee," fundi akasema haraka. "Ni wa kubeba mizigo tu. Hata simjui vizuri."

Kioo cha pikapu kilikuwa wazi. Kifaru alisikia yote. Alimkabidhi bisibisi, akawasha gari, na gari lile ambalo siku zote lilikataa kuwaka, siku hiyo likawaka mara moja.

Fundi aliporudi ndani alipokewa na msonyo, lakini safari hii mfupi, wa mtu anayesema: afadhali. Akafungua mlango wa chumba cha kulala na hakukiona kitanda. Mbele yake kulikuwa na korido. Nyembamba, ndefu kiasi, yenye mwanga hafifu uliotoka sijui wapi, na mwishoni mwake ndipo mlango wa chumba ulipokuwa umehamia. Mke alikuwa tayari amesimama humo, amebana mgongo ukutani.

"Asubuhi hapa hapakuwa na korido," mume alinong'ona.

"Shusha sauti."

"Kwa nini nishushe sauti? Si tuko wawili tu?"

"Ndiyo maana nakwambia shusha sauti."

Alitaka kuleta futi apime. Mke akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya moto. "Usipime. Huoni? Kila tukijitenga na watu wa chini, inatupa nafasi. Tulilia kwamba ni ndogo. Sasa inakuwa. Unataka nini tena, mtaa mzuri na nyumba kubwa, vyote kwa pamoja, na wewe unatafuta futi?"

"Ni kweli," mume akasema.

Basi mke akaifanya kazi. Aliporudi kutoka hotelini aliketi sebuleni na simu, akawamaliza mmoja mmoja. Shangazi aliyemlea akaambiwa asipige tena kwa kuwa anapiga bila sababu. Mwenzake wa kaunta, aliyemshikia zamu alipougua, akaambiwa kwamba urafiki wao ulikuwa wa kazini tu. Kila alipokata simu, nyuma ya ukuta kulisikika sauti kama fanicha nzito inaburutwa, na asubuhi kulikuwa na stoo, au bafu la pili lenye mabomba ya shaba, au ngazi iliyopanda kwenda mahali ambapo mume hakutaka kujua. Alipoizunguka nyumba kwa nje, ilikuwa ileile, kijumba cha vyumba viwili, na alimaliza kuizunguka kabla hajapata muda wa kuogopa vizuri.

Akamfuata mlinzi getini. "Waliokaa hapa kabla yetu, unawakumbuka?"

"Nawakumbuka. Familia ya watu wanne. Wakaanza kugombana, wakapungua, wakapungua."

"Wakahama lini?"

Mlinzi alikuna shingo. "Wa mwisho? Bosi, mimi siondoki kwenye geti hili. Huyo wa mwisho sikumwona akitoka."

Mvua kubwa ilipoezua paa la chumba alichopanga mama mtaa wa chini, alikuja. Ilikuwa alasiri, jua limeshatoka tena, na alikuwa amelowa mpaka kwenye kilemba, mfuko mmoja mkononi. Cherehani ameiacha barazani kwa jirani. Mlinzi hakupewa amri kwa wakati, kwa hiyo alifika hadi mlangoni, akabisha hodi, na mwanawe akafungua.

Mama akaingia sebuleni, akasimama. Sebule ile sasa ingebeba harusi. Zulia lao lilikuwa katikati kama leso iliyodondoshwa uwanjani. Kutoka mbali, ng'ambo ya mlango uliokuwa wazi, ukaja msonyo.

"Nani ananisonya?" mama aliuliza.

"Ni bomba, Mama."

"Bomba." Alizungusha macho kwenye dari, kwenye kuta, akarudi kwa mwanawe. "Paa la kwangu limekwenda na maji. Nimekuja kuomba siku chache, mpaka mwenye nyumba atengeneze."

Mke alikuwa ametokea nyuma ya mumewe. Alimnong'oneza sikioni, midomo haichezi: "Akikaa, itarudi ndogo. Itarudi yote. Mwambie."

Fundi alimtazama mama aliyemshonea sare ya shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, sare yenye rangi mbili za buluu, akasema, "Mama, ningependa. Lakini hatuna nafasi."

Mwangwi uliyachukua maneno hayo, ukayapeleka mpaka mwisho wa sebule, ukayarudisha. *Hatuna nafasi. Nafasi.*

Mama hakugombana naye. Alikamua ncha ya kanga yake pale pale, maji yakadondoka juu ya vigae vinavyong'aa, akatoka.

Alipovuka kizingiti tu, mlango ulifunguka katika ukuta ambao haukuwahi kuwa na mlango, na nyuma yake kulikuwa na chumba ambacho fundi alikiingia, mkewe nyuma yake, si kwa kutaka bali kwa sababu miguu ilimpeleka, chumba cha madirisha marefu yaliyotazama bustani isiyokuwepo mtaani hapo wala popote, yenye mwanga wa saa isiyojulikana, na humo harufu ya yale manukato ilikuwa nzito kiasi cha kukaa ulimini, na mbele kabisa, karibu na dirisha la mwisho, alisimama mtu mrefu kupita urefu wa watu, aliyevaa vizuri, joho lake likiburuzika bila kutoa sauti, mikono imefungwa nyuma, mgongo kwao, akitazama nje kwa utulivu wa mwenye mali, wala hakugeuka, wala hakuonyesha kwamba amejua wameingia, kwa kuwa kwake yeye hapakuwa na aliyeingia.

Asubuhi yake fundi alikwenda kuleta mganga. Mke hakumzuia, alikuwa kwenye chumba kile tangu jana, hakwenda kazini. Mganga aliyepatikana alikuwa wa kisasa, mwenye tai, begi la ngozi na kadi iliyoandikwa *Profesa*. Njiani alijisifu kwamba amewahi kumfunga jini wa hospitali nzima ndani ya chupa ya soda. Alitandika kitambaa chake sebuleni, akawasha ubani, akaanza kunguruma kwa sauti ya tumboni. Alifika neno la tatu. Msonyo ukapita juu ya kichwa chake, kutoka ukuta huu mpaka ule, mrefu kama kitambaa kinachochanwa, na ubani ukazimika.

Profesa alianza kukunja kitambaa.

"Unakwenda wapi?" fundi alilia. "Mtoe!"

"Nimtoe nimpeleke wapi? Huyo ndiye mwenye nyumba. Nyinyi mmekaa kwenye chumba chake cha watu asiotaka kuwaona." Alikuwa tayari mlangoni, tai imepinda. "Na mimi nilipwe nisilipwe, usinipigie tena."

Fundi alikimbilia kwa mkewe. Alimkuta ameketi sakafuni, macho kwenye ule mgongo mrefu dirishani.

"Tuondoke," alisema. "Nakuomba. Tuondoke sasa hivi, tuache kila kitu."

"Nimemwita, hageuki," mke akasema. "Nimemsalimia kwa heshima zote."

"Tuondoke!"

Ndipo akamtazama mumewe, tokea viatu mpaka kichwani, polepole. "Nenda wewe. Nenda kwa mama yako, mkashone vitambaa. Hata sijui nilikuwa nakutaka ya nini."

Fundi alipotoka kwenye kile chumba alisikia nyumba nzima ikiburutwa. Alikimbia. Korido ilirefuka chini ya miguu yake, milango ikafunguka kulia na kushoto mmoja baada ya mwingine, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na mingine, na sauti ya mkewe ikawa inapungua nyuma yake, kwanza kama mtu wa chumba cha pili, halafu kama mtu wa nyumba ya pili, halafu kama mtu aliye ng'ambo ya bonde anayeita kitu ambacho upepo unakikata, mpaka akaupata mlango wa mbele kwa bega, akaanguka nje kwenye jua na majani yaliyokatwa yakalingana, mbele ya kijumba cha vyumba viwili.

Mama alikuwa barazani kwa jirani, mtaa wa chini, akipachika zipu. Hakuinua uso.

"Mkeo yuko wapi?"

"Ndani. Mama, kuna kitu mle, kuna mtu, nyumba inakuwa…"

"Umemwacha ndani?"

"Yeye ndiye aliyekataa, nilimwambia…"

"Nimekuuliza, umemwacha ndani?"

"Ndiyo."

Mama akakata uzi kwa meno, akavaa viatu.

Njia nzima fundi alieleza. Mlangoni mama alimwambia neno moja tu: "Shika mlango huu usijifunge." Fundi akasema atashika.

Mama akaingia. Alipita sebule, alipita korido, alipita vyumba vya viti vilivyopangwa kwa wageni ambao hawakuwahi kualikwa, vyumba ambavyo kuta zake zilikuwa na alama hafifu pale picha za watu zilipokuwa zimetolewa, na kila alipopita, harufu ile ilimpanda puani na minong'ono ikamfuata kwenye dari, minong'ono ya watu wanaokadiria nguo yake, kilemba chake, visigino vyake vilivyopasuka, naye akaendelea kutembea akiita, "Mkwe wangu! We mtoto! Itika!" mpaka mwisho wa mwendo ambao mtaa mzima usingeweza kuubeba, akamkuta mke amepiga magoti nyuma ya lile joho, midomo imekauka, bado anasalimia.

"Shikamoo," mke alikuwa akisema. "Karibu. Shikamoo. Nikusaidie nini?"

"Simama," mama akasema.

"Hageuki, Mama. Siku nzima. Hageuki."

Mama akamtazama yule mrefu. Alimtazama kama alivyokuwa akitazama nguo iliyoshonwa na mshonaji mwingine, akianzia pindo la joho, akapanda mishono ya mgongoni, akafika shingoni.

"Huyu ndiye mliyenifukuzia?"

Jini akasonya. Madirisha yote yalitetemeka, na mke akajifunika kichwa.

Mama akasubiri amalize. Kisha akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi, akasonya yeye. Ulikuwa msonyo wa mwanamke aliyezika mume, aliyekopwa mishono na matajiri wasiolipa, aliyeambiwa na mwanawe wa kumzaa kwamba nafasi hakuna. Ulianzia chini kabisa, ukapita kwenye kila jino alilobakiza, ukaenda, ukaenda, na ulipoonekana umekwisha ukaongeza.

Mabega ya jini yalishtuka. Tangu siku ya kwanza hakuna aliyewahi kumwona akitikisika. Hakugeuka hata hapo, ila aliinua pindo la joho lake kama mtu mkubwa aliyevunjiwa heshima mbele ya watu, akaanza kuondoka, na vyumba vikamfuata, kuta zikiburutwa nyuma yake kama shuka inayovutwa kitandani, bustani, madirisha, ngazi, mabomba ya shaba, mpaka wanawake wawili wakajikuta wamesimama kwenye sebule ndogo, bega kwa bega, juu ya zulia lililokunjika ukingo.

Mlango ulikuwa umejifunga. Mama aliufungua mwenyewe kwa kuusukuma kwa mguu. Fundi alikuwa kule getini, pembeni ya mlinzi.

"Nilikuwa naangalia kutoka hapa," alisema akija mbio. "Mlinzi alikuwa ananiuliza kitu. Mama, mmemtoa? Ametoka?"

Mke alimtazama kidogo tu, kisha akatazama pembeni, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Amejificha," mama akasema. "Wa namna ile hawaendi mbali na nyumba yao." Akamshika mke mkono. "Kwangu bado panavuja, nakwambia mapema. Na sitasahau leo wala kesho ulichonifanyia."

"Najua, Mama," mke akasema, na ndipo akalia.

"Basi twende. Utapita kwa mdogo wako kwanza, ukamwombe radhi."

"Na mimi?" fundi akauliza.

Mama alimgeukia. "Mwanangu, wewe nyumba umeipata. Kaa."

Fundi akawaangalia wakishuka mtaa, mmoja amelegea, mwingine amemshika kiwiko, mpaka wakapinda kwenye kona. Mlinzi akageuza kiti chake kutazama upande mwingine. Fundi alisubiri kidogo labda wangerudi kumwita. Halafu akajipa moyo, kama kawaida yake. Watapoa. Nyumba ni yake kihalali. Mtaa ni mzuri, na sasa ndani ni vyumba viwili vya kawaida, jini kaondoka, kelele zimekwisha. Ni kweli, alijiambia.

Akaingia ndani, akafunga mlango. Korido haikuwepo. Chumba cha kulala kilikuwa palepale, kidogo, jua la jioni likiwa ukutani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akainama kufungua kamba za viatu.

Nyuma yake, upande wa pili wa kitanda, godoro likabonyea taratibu, kama mtu mzito anaketi bila haraka. Yale manukato yakamfikia shingoni. Hakusikia msonyo. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri, inayomwambia jirani siri.

"Afadhali wameondoka," ilisema. "Sasa tumebaki wenyewe."